Mtoto kabadilika ghafla: jinsi ya kujua kama kuna kitu kimemuumiza ndani

Wazazi wenzangu, kuna kitu nakiona sana darasani (nafundisha madarasa ya chini) na nakiona pia mitaani kwetu. Mtoto anapitia jambo zito, labda ajali, msiba, nyumba kuungua, kamuona baba anampiga mama, au kuna mtu mzima kamfanyia kitu kibaya, alafu wiki mbili zikipita watu wazima wote wanasema "mtoto yule, kashasahau", kwasababu anakula, anacheza, anacheka na wenzie. Hajasahau. Mtoto hawezi kukaa na huzuni masaa mengi mfululizo kama sisi, anaingia na kutoka, saa hii analia baada ya muda kidogo anaomba hela ya ubuyu, na hiyo ndo inatudanganya tunaona yameisha.

Hapa naeleza unavyoweza kuziona dalili za kiwewe (lile jeraha la moyoni linalobaki baada ya jambo zito) ukiwa nyumbani bila kuwa daktari, na ukishaziona ufanye nini. Ni ndefu kidogo lakini isome yote kwasababu vipande vyake vinategemeana.

Mlinganishe na yeye mwenyewe, sio na mtoto wa jirani

Kosa kubwa ni kuchukua orodha ya dalili na kuanza kumpima mtoto nayo. Kuna mtoto toka kazaliwa ni mkimya, ukimya wake sio dalili ya kitu chochote. Kuna mwingine alikuwa anaongea mpaka anakuchosha, sasa hivi unamuuliza shule ilikuwaje anasema "poa" anaingia chumbani, huyo ndo wa kumwangalia. Swali unalotakiwa kujiuliza ni moja tu, huyu mtoto wangu miezi mitatu iliyopita alikuwa hivi? Alikuwa analalaje, anakulaje, alikuwa anacheza na nani, alikuwa anaogopa nini? Kama jibu ni hapana, alikuwa tofauti, basi jiulize mabadiliko yalianza lini na kipindi hicho kulitokea nini.

Na usitegemee kichwa chako kukumbuka. Andika, kwenye daftari au kwenye simu, tarehe, kilichotokea, na kabla yake kulikuwa na nini. Ukiandika wiki mbili tatu unaanza kuona vitu ambavyo ulikuwa huvioni, mfano tumbo linauma kila Jumamosi asubuhi tu, na Jumamosi ndo siku ya tuisheni. Au anakojoa kitandani zile siku tu ambazo mjomba kalala hapo nyumbani. Vitu kama hivo kichwa kinavipoteza ila daftari linavishika. Na waulize wanaokaa nae, dada wa kazi, bibi, mwalimu, kwasababu kiukweli wengi wetu tunatoka saa kumi na moja asubuhi tunarudi watoto wamelala, dada ndo anajua kwamba mtoto siku hizi anajificha nyuma ya kochi geti likigongwa.

Wadogo, miaka 6 kushuka chini

Watu wanasema "mdogo huyo hajui kitu". Anajua sana, ila hana maneno ya kusema. Mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotoka 2013 uliweka kabisa vigezo vya peke yake vya kiwewe kwa watoto wa umri huu, kwasababu walionekana wanaumia ila wanaonyesha tofauti na wakubwa.

Kitu cha kwanza utakachokiona ni kurudi nyuma. Alishaacha kukojoa kitandani, kaanza tena. Alishaongea vizuri, sasa anaongea kitoto. Anarudia kunyonya kidole, anang'ang'ania gauni lako mpaka huwezi kwenda hata chooni, anagoma kulala peke yake, anaamka usiku anapiga kelele. Hasira za kujitupa chini kwa kitu kidogo tu, kikombe sio chake.

Alafu angalia anavyocheza, hapa wazazi wengi tunapitwa. Mwaka 1976 kule Chowchilla, California, watoto 26 walitekwa wakiwa kwenye basi la shule pamoja na dereva wao, wakafungiwa ndani ya trela lililofukiwa ardhini, wakafanikiwa kutoka wote wazima. Daktari wa akili wa watoto anaitwa Lenore Terr akakaa na wale watoto na akawafuatilia kwa miaka kadhaa, na alichokikuta ni kwamba hakuna hata mmoja aliyekosa athari, hata miaka minne baadae. Moja ya vitu alivyovieleza ni ule mchezo wa kurudia, mtoto anaigiza tukio lile lile, tena na tena, na mchezo wenyewe hauna raha, uso umekaza, hauishi vizuri, na akimaliza anakuwa na hofu zaidi badala ya kutulia. Kwahiyo mtoto aliyeona ajali ya bodaboda akigonganisha magari yake mara mbili tatu hilo ni jambo la kawaida, anajaribu kuelewa. Ila kama kila siku ni ajali ile ile, mtu yule yule anakufa, na ukijaribu kuleta gari la wagonjwa kwenye mchezo anakataa au anakasirika, hiyo iandike kwenye daftari lako.

Wa shule ya msingi

Hawa wanaumwa. Kichwa, tumbo, kifua, hospitali wanapima hawaoni kitu, na mtoto hadanganyi, tumbo linauma kweli kwasababu mwili uko kwenye hali ya hatari muda wote. Mtu aliyepitia kitu kibaya mwili wake unakuwa kama mlinzi aliyevamiwa usiku, kuanzia siku hiyo jani likitikisika tu anapiga filimbi. Ndo maana mlango ukijibamiza anaruka, ukimgusa bega kwa nyuma anakurushia ngumi, darasani hasikii mwalimu anasema nini kwasababu masikio yako nje kwenye sauti ya pikipiki inayopita. Maksi zinashuka, mwalimu anaandika "hana umakini", nyumbani anachapwa, na kuchapwa kunamthibitishia kwamba kweli dunia sio salama.

Kuna vitu vinavyomrudisha kwenye tukio, na mara nyingi ni vidogo, harufu, sauti, saa fulani ya siku. Mtoto aliyepitia maporomoko ya tope ya Hanang, Manyara, tarehe 3 Desemba 2023, au yale mafuriko ya Mai Mahiu kule Kenya mwishoni mwa Aprili 2024, mvua ikianza kupiga bati anaweza akatetemeka, akagoma kulala, akaanza kukusanya nguo zake, hata kama mmeshahamia mahali pa juu kabisa. Mtu asiyejua atamwambia "acha ujinga, mvua tu hii". Kwake yeye mvua sio mvua tu.

Na kuna hili la kujilaumu, ambalo mtoto hatolisema mpaka umpe nafasi. Watoto wa umri huu wanaamini mawazo yao yana nguvu. "Nilimkasirikia baba nikasema moyoni bora afe, akafa." "Kama nisingemuomba mama aniletee zawadi asingepanda lile basi." Wale watoto wa Chowchilla nao walianza kutafuta kwenye kumbukumbu zao ishara ambazo walidhani wangeziona mapema. Mtoto anaona ni bora awe na kosa kuliko kukubali kwamba mambo mabaya yanaweza kutokea tu. Ukisikia mtoto anauliza uliza sana "ingekuwaje kama..." usimkatishe, msikilize mpaka mwisho, alafu mwambie waziwazi, mwanangu hili sio kosa lako, hukusababisha wewe. Na utarudia hiyo sentensi mara nyingi kuliko unavyodhani.

Wakubwa wa sekondari

Kwa hawa angalia kujitenga, hasira, pombe au bangi, kutoroka, kujihatarisha makusudi kama kukimbiza pikipiki usiku, kuvaa mikono mirefu kwenye joto la Dar (wengine wanajikata mikono na wanaficha), kugawa vitu vyao, na maneno kama "mi hata nikiwepo nisiwepo sawa tu". Hayo ya mwisho usiyachukulie ni utani au deko. Muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua, kumuuliza hakumpi wazo, kunampa ruhusa ya kusema. Akikubali, usimuache peke yake siku hiyo, ondoa dawa na sumu ya panya na vitu vya makali karibu nae, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Kijana wa kiume tunamuonea sana. Akilia tunamwambia mwanaume halii, sasa kilichobaki ni hasira, ndo lango pekee tulilomuachia, alafu akipigana shule tunamuita mhuni.

Mtoto aliyetulia

Hapa naomba unisome taratibu. Mtoto anayevunja vyombo na kupiga wenzie ataonekana tu, atalalamikiwa, hata kama atachapwa kwanza ila mwisho wa siku kuna mtu atauliza ana nini huyu. Anayeniumiza roho ni yule ambae baada ya tukio kawa mtoto mzuri. Hasumbui. Anaosha vyombo bila kuambiwa, anawaangalia wadogo zake, haombi kitu, ukimuuliza yuko sawa anasema yuko sawa na anatabasamu. Ndugu wanamsifia, "jamani fulani kakomaa, tangu mama yake afariki kawa mtu mzima kabisa". Mtoto wa miaka tisa hatakiwi kuwa mtu mzima kabisa.

Mwangalie macho. Kuna mtoto anakuwepo hapo ila hayupo, unamuita mara tatu ndo anashtuka, akisimulia kilichotokea anasimulia kama anasoma tangazo, hana hisia yoyote usoni. Anakwepa kila kitu kinachohusu tukio, hapiti njia ile, hataki picha, hataki jina litajwe. Vitu alivyokuwa anavipenda, mpira, kuimba kwaya, kuchora, kaviacha na hajaweka kitu kingine mahali pake. Mwingine anakuchunga wewe mzazi, anakufuata anauliza "mama umekula? mama unaumwa?", yani kageuka mlezi wako kwasababu anaogopa na wewe utaondoka. Darasani watoto kama hawa ndo wanaokaa mbele, daftari safi, na mwaka mzima unaweza ukapita hakuna aliyejua.

Msiba, na ile "mama kasafiri"

Kwenye misiba yetu watu wazima tunashikwa mkono, tunaliliwa, tunakaa matanga. Mtoto anapelekwa kwa jirani siku ya mazishi "asione", akirudi kakuta turubai limeshushwa, nguo za mama zimegawiwa, kitanda kimehamishwa, na akiuliza anaambiwa mama kasafiri, au mama kalala. Sasa anangoja. Kila gari likisimama anakimbilia dirishani. Au anaogopa kulala, kwasababu mama si alilala tu na hakuamka. Siku akija kuambiwa ukweli na mtoto mwenzie shuleni, tena kwa kejeli, kapoteza mama na kapoteza pia imani na nyie mliobaki.

Mwambieni ukweli kwa maneno mafupi, na anayemwambia awe mtu ambae mtoto anamuamini: "Mwanangu, mama amefariki. Mwili wake umeacha kufanya kazi, hapumui tena, hatarudi. Sisi tupo, utakaa na bibi, na kaka yako mtakaa pamoja." Halafu mambo ya imani yenu muongeze, kwamba tutamuombea, yuko kwa Mungu, sawa kabisa, ila ile kwamba hatarudi lazima isemwe. Mtoto mdogo atauliza tena kesho na keshokutwa, sio kwamba hajasikia, umri wake bado haujaelewa kwamba kifo hakirudi nyuma, mjibu vile vile kwa upole. Kama anataka kwenda mazikoni aende, awe na mtu mmoja wa kumshika mkono na kumueleza kinachoendelea. Msimlazimishe kubusu maiti wala kuiangalia. Muachieni kitu cha mama, kanga, kitana, picha, chochote. Na kama kuna namna yoyote msiwatenganishe ndugu, huyu Mwanza yule Mbeya, kwasababu kwa mtoto huo ni msiba wa pili.

Ni vizuri kujua huzuni ya msiba yenyewe sio ugonjwa. Atalia, atamkumbuka, ataota, ni haki yake. Inakuwa kiwewe pale picha ya namna alivyokufa inapomzuia hata kumkumbuka marehemu kwa uzuri, kila akimuwaza baba anaona damu tu, haoni baba akimfundisha baiskeli.

Kabla hujasema ni kiwewe, nenda kapime

Hili watu wanaliruka. Kukojoa kitandani kulikoanza ghafla kunaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, na kama kunaambatana na kiu kali, kukojoa sana na kukonda hiyo inaweza kuwa kisukari, watoto wanapata, na hiyo haisubiri, ni leo leo. Kukodoa macho na kupotea kwa sekunde kadhaa kunaweza kuwa aina ya kifafa. Maumivu ya mifupa na tumbo yanayorudi rudi yanaweza kuwa selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Uchovu darasani, upungufu wa damu, minyoo, au haoni ubao. Kapime kwanza, ukiambiwa kila kitu kiko sawa na dalili zinaendelea ndo unarudi kwenye daftari lako.

Na kuhusu kuombewa, sina ugomvi na maombi wala dua, mtoto aliyezungukwa na watu wanaomuombea kwa upendo anafarijika. Ila mtu akikwambia mtoto wako ni mchawi, ana pepo, afungwe kamba, afungishwe siku tatu, achanjwe chale, mchukue mtoto wako muondoke hapo.

Namna ya kumuuliza

Usimkalishe kwenye kochi, TV imezimwa, baba na mama mmemkabili, atadhani ana kesi. Watoto wanaongea mikono ikiwa inafanya kitu, mkiwa mnachambua mchele, mnafua, mnatembea kwenda dukani, mnachora. Anza na ulichokiona, sio na unachokihisi. "Mwanangu, nimeona siku hizi ukisikia honi unashtuka sana. Nimekuwa nakuwaza." Alafu nyamaza. Kunyamaza huko ndo kugumu, tunakimbilia kujaza. Akisema "hamna kitu mama", mjibu sawa, siku yoyote ukitaka kuniambia mi nipo, hata iwe usiku, na sitokasirika. Siku nyingine tena.

Akianza kusema, uso wako utulie hata kama moyo unapasuka, kwasababu watoto wanasoma uso wa mzazi, wakiona umeumia wananyamaza ili wakulinde. Mwambie asante kwa kuniambia, nakuamini, sio kosa lako. Usiahidi "sitomwambia mtu", maana inaweza ikabidi kumwambia mtu, sema nitawaambia wale tu watakaotusaidia. Usimlazimishe kusimulia kila kitu kwa undani mara moja, na usimsimulishe kwa kila ndugu anayekuja, kila shangazi anataka asikie mwenyewe, hapana.

Ukihisi kuna mtu kamgusa vibaya

Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009, matokeo yakatoka 2011, ulionyesha karibu wasichana 3 katika kila 10 na mvulana 1 katika kila 7 walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Kwahiyo tusiongee kama ni jambo la familia za watu wengine, na tusiwasahau wavulana.

Dalili zake zinafanana na nilizosema juu, ila kuna za ziada: kumuogopa au kumkwepa mtu mmoja mahususi, na mara nyingi ni mtu mnayemjua na kumuheshimu. Maumivu, damu au usaha sehemu za siri, kutembea kwa shida, kuogopa choo. Kujua mambo ya kikubwa ambayo umri wake hauyajui na kuyaigiza na wenzie. Hela au zawadi asizoweza kuzielezea. Kukataa kuvuliwa nguo wakati wa kuoga ilhali hakuwa hivo. Dalili moja peke yake haithibitishi kitu, ila zikikusanyika usisubiri.

Usimuulize kwa kumtajia mtu, "ni mjomba eeh? kakushika hapa?", kwasababu unamtia maneno mdomoni na baadae mahakamani yatasumbua. Sema tu "niambie ilikuwaje", "alafu ikawaje", basi. Kama tukio ni la karibuni usimuogeshe, usifue nguo, ziweke kwenye mfuko wa karatasi au bahasha kubwa sio nailoni, na mfike hospitali haraka, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 na mapema ndo vizuri zaidi. Polisi nenda moja kwa moja Dawati la Jinsia na Watoto, watakupa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Baadhi ya hospitali zina vituo vya Mkono kwa Mkono ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wako sehemu moja, uliza kama hapo mkoani kwenu kipo, inamuokoa mtoto kurudia rudia kusimulia. Na wazee wakija kusema "tuyamalize kinyumbani, atatoa ng'ombe", kataa. Hilo ni kosa la jinai, sio ugomvi wa mipaka ya shamba, na mtoto anaangalia mnachagua nani.

Nyumbani, kila siku

Kinachomtibu mtoto zaidi ya yote ni mtu mzima mmoja aliyetulia anayetabirika. Ratiba ile ile, chakula muda ule ule, kulala muda ule ule, ukisema nitarudi saa kumi na mbili urudi, ukichelewa piga simu. Mrudishe shule mapema inavyowezekana, ukishaongea na mwalimu. Mpe vitu vidogo vya kuchagua, uji au chai, shati hili au lile, kwasababu aliyepitia kiwewe alinyang'anywa uamuzi wote. Aache kuangalia zile video za ajali na maiti zinazozunguka kwenye magrupu, kila akiangalia kwake ni kama linatokea upya, na wewe usiziangalie akiwa pembeni.

Akishikwa na hofu, mfundishe kupumua: ajifanye ameshika bakuli la uji, anavuta harufu yake polepole puani, alafu anapuliza upoe, taratibu sana usimwagike. Fanyeni pamoja mara kadhaa, na mfanye pia siku ambazo yuko sawa ili mwili uzoee. Usiku akiamka na ndoto mbaya mwashie taa, mtajie yuko wapi, "uko nyumbani, uko na mama, hapa ni chumbani kwako", ashike shuka, ashike ukuta.

Kukojoa kitandani usimchape, usimuanikie godoro barabarani, na wenzie wasimuimbie kikojozi. Badilisha shuka kimya kimya lala. Na wewe mzazi kama na wewe ulikuwemo kwenye tukio, kama ni mume wako aliyefariki, tafuta wa kukusikiliza nawe, mtoto hawezi kutulia ndani ya nyumba ambayo mkubwa hajatulia.

Lini utafute msaada, na wapi

Wiki za mwanzo baada ya tukio karibu kila mtoto ataonyesha kitu, na wengi wakipata utulivu nyumbani zinapungua zenyewe. Ukiona mwezi umepita na hazijapungua, au zinazidi, au mtoto hali chakula wala halali wala hasomi, tafuta mtaalam. Na wengine dalili zinachelewa, zinakuja baada ya miezi sita au zaidi, kwahiyo usifunge daftari mapema.

Piga 116, ni bure, ni laini ya watoto, ipo Tanzania, ipo Kenya, ipo Uganda pia, na mzazi anaweza kupiga sio lazima mtoto. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri. Hospitali za rufaa za mikoa uliza kitengo cha afya ya akili, Dar kuna Muhimbili, Dodoma kuna Mirembe, na kwenda huko haimaanishi mtoto kawa kichaa, ni watu wanaosaidia.

Usikate tamaa kwa kudhani hayo matibabu ni ya Ulaya tu. Moshi hapa Tanzania na Bungoma kule Kenya, mjini na vijijini, walifanya utafiti na watoto 640 waliofiwa na mzazi, matokeo yakachapishwa 2020, na waliowasaidia hawakuwa madaktari, walikuwa washauri wa kawaida waliofundishwa. Watoto walikaa kwenye vikundi mara moja kwa wiki kwa wiki 12, walezi wao nao wana kikundi chao, wakafundishwa kutulia, kutambua hisia, na mwisho kusimulia kilichotokea kidogo kidogo mpaka kikaacha kuwatisha. Sehemu tatu kati ya nne walizofanyia dalili zilipungua kuliko kwa waliopata msaada wa kawaida, na kule Kenya tofauti ilikuwa bado inaonekana hata mwaka mmoja baadae.

Siku ukienda beba lile daftari. Mtaalam atakuuliza zilianza lini, zinatokea mara ngapi, kabla yake kulikuwa na nini, na mtoto alikuwaje zamani, na wewe utakuwa na majibu. Mwambie mtoto mapema mnaenda wapi, "tunaenda kumuona mtu anayesaidia watoto wenye hofu, hakuna sindano, tutaongea na kuchora", na kama mara ya kwanza hatosema neno hata moja msimgombeze njiani mkirudi, ombeni tarehe nyingine mrudi tena.